Jinsi ya Kuanza Siku 40 za Sala, Neno na Kufunga: kwa Anayeanza Kabisa

Kila baada ya mkutano wa injili maswali ni yale yale. "Mwalimu, nianze kusoma kitabu gani?" "Nifunge siku ngapi?" "Mbona nikipiga magoti tu, usingizi huo?" Nimefundisha darasa la waongofu wapya kwa miaka 11, na kwa kuwa majibu yangu nayo hayabadiliki, nimeona niyaandike. Hii ni ratiba ya siku 40 inayoweza kumalizwa na mtu mwenye kazi, watoto na nauli ya kuhesabu. Haikuandikwa kwa mtawa.

Nadharia nitakupa kidogo tu. Wokovu haununuliwi kwa kuamka alfajiri wala kwa kukaa na njaa; Paulo amelimaliza hilo katika Waefeso 2:8-9. Lakini Paulo huyohuyo anawaambia Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na mstari unaofuata anasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao (2:12-13). Isome yote miwili kwa pamoja. Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka usiku wa manane, mara mbili kwa wiki. Hakuna aliyewahi kuyafanya yatoke kwa kukesha. Ila aliyelala bila kukinga ndoo, asubuhi anazunguka kwa majirani na kidumu mkononi. Mazoezi haya yote ni kukinga ndoo.

KABLA YA KUANZA

Andaa vitu hivi mapema, kwa sababu ukianza kuvitafuta alfajiri utarudi kulala:

- Biblia ya karatasi. Union Version ya 1952 ina Kiswahili kizito kidogo lakini kitamu. Habari Njema ni nyepesi zaidi. Ya simu iache kwa hizi siku 40. Utafungua Marko, ujumbe wa kikundi cha harusi utaingia, na Marko ataishia hapo.
- Daftari dogo la shule na kalamu.
- Saa ya kengele. Kama huna ila simu, iweke mbali na kitanda, mahali pa kukulazimisha usimame.
- Pembe moja ya nyumba. Mkeka unatosha. Kama mnalala wengi chumba kimoja, hata ngazi ya nje inafaa.
- Kopo au bahasha. Kazi yake utaiona hatua ya 5.
- Mtu mmoja asiyekuogopa, wa kumwambia ukweli kila wiki. Chagua anayeweza kukuuliza mara ya pili.

Sasa afya. Usifunge chakula kama u mjamzito, unanyonyesha, una kisukari, una vidonda vya tumbo, au unatumia dawa za kila siku kama ARV, za TB au za presha, mpaka daktari akuambie unaweza. Dawa haziachwi kwa sababu ya mfungo. Kanisa Katoliki lenyewe, lenye sheria iliyoandikwa ya kufunga, linawadai walio kati ya miaka 18 na 59 tu. Kama hupaswi kufunga chakula, Jumatano yako funga kitu kingine kinachokuuma: mpira kwenye televisheni, tamthilia, sukari kwenye chai, mitandao. Siyo mfungo wa daraja la pili.

HATUA YA 1: Weka tarehe, ya kuanza na ya kumaliza

Fuata hesabu ya Kwaresima hata kama si msimu wake: anza Jumatano, na Jumapili usizihesabu. Siku 40 za mazoezi zitakuwa siku 46 za kalenda, utamaliza Jumamosi, na ndani yake zitakuwamo Jumatano saba. Jumapili hakuna kufunga wala ratiba. Soma Zaburi moja uipendayo, kisha nenda kanisani.

Andika tarehe zote mbili ukurasa wa kwanza wa daftari. Mtu asiyeandika tarehe ya mwisho huwa anamaliza siku ya tisa.

HATUA YA 2: Rudisha nyuma saa ya kulala

Wengi huweka kengele saa kumi na moja kasoro robo alfajiri halafu wanalala saa sita usiku. Siku tatu wanaamka kwa ubishi, ya nne wanaizima kengele wakiwa usingizini na hata hawakumbuki. Sadaka ya kwanza ya siku hizi 40 inatolewa saa nne usiku, unapozima televisheni na kuweka simu mezani. Kuamka kutafuata kwenyewe.

Soma Marko 1:32-35 polepole. Watu wanapenda kunukuu ule mstari wa 35 kwamba Yesu aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo na watu kuomba. Wa 32 wanauruka. Jioni ile, jua limeshatua, mji mzima ulikuwa umekusanyika mlangoni na wagonjwa. Alfajiri ile alikuwa amechoka kama wewe.

Lakini saa yenyewe si sheria. Darasani kwangu kulikuwa na dada muuza vitumbua aliyenijia analia, anasema hawezi kuokoka sawasawa kwa sababu hana alfajiri. Mchele anauloweka mchana, anausaga jioni, saa tisa usiku yuko jikoni anachanganya nazi na iliki, na saa kumi na mbili wateja wamesimama. Nilimuuliza: ukishatia hamira, unafanya nini? Akasema, "Nasubiri uumuke." Dakika ngapi? "Nusu saa, hata zaidi kukiwa na baridi." Basi ndiyo hiyo. Alimaliza siku 40 ameketi kwenye kigoda kando ya ndoo ya unga, Biblia ameitia kwenye mfuko wa plastiki isipate mafuta, kurasa anazigeuza kwa kidole kidogo kwa sababu vingine vina unga. Tafuta unga wako unaumuka saa ngapi.

HATUA YA 3: Gawa dakika 30

1. Dakika 5: kaa kimya, au soma mistari michache ya Zaburi kwa sauti. Sauti inafukuza usingizi.
2. Dakika 10: soma sura moja. Moja tu.
3. Dakika 10: omba. Anza na yale uliyoyasoma, kisha watu kwa majina, mahitaji yako mwisho.
4. Dakika 5: andika mistari mitatu. Nimesoma nini, kimenisumbua nini, leo nitafanya nini.

Sura zipangwe hivi: Marko (16), Wafilipi (4), Yakobo (5), 1 Yohana (5), Wagalatia (6), Wakolosai (4). Jumlisha mwenyewe, ni 40 kamili.

Onyo: usianze na Mwanzo eti kwa kuwa ndiyo mwanzo. Utafurahia hadithi za Yusufu, utavuka Bahari ya Shamu, halafu kuanzia sura ya 25 ya kitabu cha Kutoka utakutana na vipimo vya hema, mapazia na vitanzi vyake, na huko ndiko wengi walikoiacha Biblia yao mpaka leo. Yana wakati wake.

Mstari wa tatu wa daftari ndio wenye kazi, na uwe mdogo kiasi kwamba jioni unaweza kujibu ndiyo au hapana. "Nitakuwa mtu wa upendo" haupimiki. "Leo nitampisha mama Fulani bombani" unapimika.

HATUA YA 4: Funga Jumatano

Jumatano sikuitunga mimi. Didake, mwongozo mfupi wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unawaelekeza wafunge Jumatano na Ijumaa. Wewe anza na moja, kwa ngazi:

- Jumatano ya 1 na ya 2: acha chai ya asubuhi. Kula saa sita mchana.
- Ya 3 na ya 4: mpaka saa tisa alasiri.
- Ya 5, 6 na 7: mpaka saa kumi na mbili jioni.

Maji kunywa siku nzima. Kile wanachokiita kufunga kavu, bila maji, si cha anayeanza na mimi simfundishi mtu. Ule muda ambao ungekuwa mezani, hata kama ni dakika 15, kaa na Neno au tembea ukiomba. Usipofanya hivyo umeshinda na njaa tu, na njaa wako wengi wanaoshinda nayo bila kupenda.

Kufungua kuna adabu yake. Uji mwepesi au kipande cha papai kwanza, subiri nusu saa, ndipo chakula. Mfungo wangu wa kwanza niliufungua kwa pilau na maharage sahani mbili, na usiku ule nilikesha kweli, ila si kwenye maombi.

Na hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa la mchana wake. Nilirudi nyumbani saa nane, mke wangu akaniuliza habari ya ada ya mtoto, nikamfokea mbele ya wageni. Jioni hiyo hakusema kitu, alinitengea chakula akakaa upande wa pili. Kisha akasema, taratibu: "Baba, wewe umefunga, lakini leo mimi ndiye niliyeumia." Nilikuwa nimefunga tumbo, mdomo nikauacha wazi. Tangu siku hiyo kila zoezi la kiroho naliuliza swali moja: nani analipa? Kama anayelipa si mimi, hiyo si sadaka yangu.

Kwa hiyo Jumatano nawa uso, jipake mafuta, cheka na watu, kama Mathayo 6:16-18 inavyoagiza. Usiweke picha ya kikombe kitupu kwenye simu yako watu waone.

Onyo lingine sitalisema kwa mzaha. Kuanzia mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Mhubiri yeyote anayekuambia uache kula kabisa, uache dawa, uwafungishe watoto, au uwakate ndugu zako ili ukue kiroho, ondoka kwake siku hiyohiyo na uwaambie wengine.

HATUA YA 5: Pesa ya chakula isirudi mfukoni

Ndiyo kazi ya lile kopo. Tuseme chai na chapati mbili hukugharimu shilingi 1,500 na chakula cha mchana 2,500. Jumatano saba za chai ni 10,500. Zile tatu za mwisho, ambazo mchana hukula kabisa, zinaongeza 7,500. Jumla 18,000. Si utajiri, lakini ni unga, sukari na sabuni za nyumba moja unayoijua. Isaya 58:7 inaiunganisha saumu na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Inasema chakula chako, tena sahani ileile uliyoiruka.

Fungua 2 Samweli 24 uone Daudi na Arauna. Tauni imepiga nchi, Daudi anatumwa kujenga madhabahu kwenye kiwanja cha kupuria nafaka cha Arauna Myebusi. Arauna anamwona mfalme anakuja, anainama, anampa vyote bure: kiwanja, ng'ombe wa sadaka, na vyombo vya kupuria pamoja na nira viwe kuni. Ukifikiri haraka utasema Mungu amefungua mlango. Daudi anakataa. Anasema hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, na anatoa shekeli 50 za fedha. Angekubali, moshi ungepanda vilevile, watu wangeimba vilevile, ila ng'ombe wangekuwa wa Arauna.

Nimeona Arauna wengi sana kanisani. Nguo tunazotoa kwa yatima ni zile zisizotutosha. Mfanyakazi anasali saa mbili ofisini kwa muda anaolipwa na mwajiri, foleni ya watu iko nje. Hapo Arauna ni ile foleni. Mama anakwenda mkesha siku tatu mfululizo, binti wa miaka kumi ndiye anayepika na kubembeleza mdogo wake. Arauna ni yule binti. Maombi ni mema na mkesha ni mwema. Ila kabla hujaondoka, angalia ng'ombe ni wa nani.

Hizo 18,000 zipeleke kimya. Kama unaona utashindwa kujizuia kutaja, mpe mtu mwingine azipeleke.

HATUA YA 6: Rekebisha jambo moja kabla ya siku ya 20

Uamsho wa Afrika Mashariki, lile wimbi la toba makanisani lililoanza kuwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda, Kenya na Tanganyika, wazee wetu wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza. Lakini majirani wasiosali waliukumbuka kwa jambo jingine: watu walirudisha vitu. Walilipa madeni ya zamani, walikiri walichoiba kazini. Zakayo, Luka 19:8, aliahidi kurudisha mara nne ya alichowadhulumu watu.

Wewe chagua kimoja. Deni ulilojifanya umelisahau, kitu ulichoazima kikawa chako, mtu ambaye mnapishana njiani bila salamu. Nenda, au piga simu. Sema ulichokosea bila kuongeza "lakini na wewe". Mwanafunzi wangu mmoja, fundi umeme, alirudisha koleo la bosi wake wa zamani baada ya miaka sita. Bosi alikuwa ameshanunua jingine. Alilipokea, akaligeuza geuza, akamwita ndani kunywa chai.

Tahadhari: usiungame hadharani jambo litakalomwaibisha mtu mwingine. Kama ni kosa la ndoa au la jinai, pitia kwanza kwa mchungaji, padre au mshauri unayemwamini.

HATUA YA 7: Jumamosi, toa hesabu

Dakika 10 na yule mtu wako. Maswali matatu: siku ngapi umeamka, mstari gani wa tatu hukuutimiza, na nani amelipa wiki hii badala yako. Ukidanganya hapa umeharibu muda wake pia.

Zikiisha siku 40 usiongeze zifike 80. Baki na mawili tu uliyoona yamekushika, mengine yapumzike. Ninaowaona bado wamesimama baada ya miaka mitano karibu wote walianza kidogo.

UKIKWAMA

Nasinzia nikipiga magoti. Simama. Tembea chumbani, omba kwa sauti ya chini, nawa uso kwa maji baridi. Kupiga magoti si sharti. Ukiendelea kusinzia wiki nzima, rudi hatua ya 2. Tatizo liko saa nne usiku.

Nimekosa siku tatu. Usizilipe. Ukianza kulipa madeni ya sura, utasoma nne kwa pupa Jumamosi na hutakumbuka hata moja. Chukua sura ya leo, endelea. Ukikosa zaidi ya wiki, weka tarehe mpya bila kujilaani.

Kichwa kinauma siku ya kufunga. Mara nyingi ni chai au kahawa unayoidai mwili kila asubuhi. Punguza tangu Jumatatu, na Jumatano kunywa maji zaidi. Lakini ukitetemeka, ukitoka jasho baridi au ukiona kizunguzungu, kula kitu chenye sukari papo hapo na uache mfungo. Hujamkosea Mungu.

Sihisi kitu chochote. Swali hili huja kati ya siku ya 12 na ya 18, sijui kwa nini hapo hasa. Wanatarajia machozi, joto mwilini, ndoto. Wengine hupata, mimi sikupata. Fungua daftari, soma ile mistari ya tatu tangu siku ya kwanza, halafu muulize mtu unayeishi naye kama kuna kilichobadilika. Yeye ndiye anayejua.

Mume au mke hataki. Usishindane naye kwa mistari. Mpunguzie kazi asubuhi: ukimaliza sala, chemsha maji ya kuoga ya watoto. Kama kengele inamwamsha, hamia sebuleni. Na kufunga kusiwe fumbo mezani. Mwambie mapema Jumanne ili asipike chakula kikamwagwe, kwa sababu hapo atakuwa amelipa yeye.

Njaa inanifanya mkali. Basi rudi ngazi moja. Heri ufunge mpaka saa sita ukiwa mpole kuliko mpaka jioni nyumba nzima ikikukimbia.

Nimealikwa harusini Jumatano. Nenda, kula, shangilia na waliofunga ndoa, mfungo uhamishie Alhamisi. Na wenyeji wakikuwekea nyama ya pili, usiwaeleze kwa nini ulisita.